Injini Inayolia: Uchunguzi wa Mlio wa Gari Lililosimama

Mjini Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, magari ya abiria na malori huanza kunguruma kabla ya jua kuchomoza. Mengine yanaelekea Tabora kupitia Inyonga, mengine Karema kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, na mengine Sumbawanga kwa njia ipitayo Sitalike na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Dereva anapongojea abiria huku injini ikizunguka polepole, hali ambayo mafundi huiita "sailensi", mara nyingi husikika mlio mwembamba mfano wa kifaranga aliyepotezana na mama yake. Gari likiisha kuondoka mlio hufifia, na dereva huusahau.

Kuusahau ni kosa. Kuunyamazisha bila kujua chanzo chake ni kosa kubwa zaidi. Wako madereva wanaopaka sabuni au grisi kwenye mkanda wa feni ili usilie. Mlio hukoma kweli, lakini lililousababisha halikuondoka. Ikiwa chanzo ni beringi ya pampu ya maji iliyokwisha kulika, pampu hiyo itakwama siku moja, mkanda utakatika, na maji yatakoma kuzunguka ndani ya injini. Jambo hilo likitokea jioni katikati ya hifadhi, mahali ambapo abiria hawaruhusiwi kushuka ovyo kwa sababu ya simba, nyati na tembo, ule mlio wa asubuhi utakuwa umegeuka kuwa hatari ya maisha. Kwa hiyo yafaa kujua mlio huzaliwaje, na chanzo chake hutafutwaje kwa njia ya sayansi.

Mlio huzaliwaje?

Kila sauti hutokana na mtetemo. Mlio mwembamba wa vitu vinavyosuguana hutokana na mtetemo wa aina moja maalumu, yaani wa kushikana na kuteleza. Nyuso mbili zinapogusana bila kusogea, msuguano baina yao huwa mkubwa kuliko zinapokuwa zimekwisha kuanza kuteleza. Basi nyuso hushikana, kani huongezeka, zikaachana ghafla na kuteleza kidogo, kisha zikashikana tena. Tendo hilo hurudiwa mamia au maelfu ya mara katika sekunde moja, na hewa iliyo karibu hutetemeka vivyo hivyo.

Mwalimu anayeshika chaki wima na kuisukuma ubaoni huwasikilizisha wanafunzi wake mlio wa namna hiyo hiyo. Bawaba ya mlango iliyokauka hulia kwa sababu hiyo, na upinde wa zeze hutoa muziki kwa kanuni hiyo. Katika injini, wahusika wakuu ni mkanda wa mpira unaozunguka juu ya puli za chuma, na beringi zilizopungukiwa na grisi.

Mkoa wa Katavi huwapa wahusika hao chakula cha kutosha. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara za udongo hupenya kwenye beringi na kusaga chuma kama msasa. Vumbi hilo hilo hung'arisha uso wa mkanda ukawa laini kama kioo. Masika yakifika, maji ya madimbwi na matope huurukia mkanda na kupunguza msuguano.

Kwa nini hulia injini iendapo polepole?

Wengi hushangaa kwamba mlio husikika gari likiwa limesimama, kisha hupotea mwendo unapoongezeka. Iko sababu ya kimahesabu. Mkanda wa feni huendesha alteneta, mashine inayozalisha umeme wa kuchaji betri. Nguvu ya mashine izungukayo ni zao la kani yake ya kuzungusha na kasi yake ya kuzunguka. Kwa hiyo, ili umeme ule ule upatikane kwa kasi ndogo, kani ya kuzungusha lazima iwe kubwa.

Mfano huu utaeleza jambo hilo. Alteneta inatakiwa itoe wati 500, nayo ina puli yenye nusu kipenyo cha sentimeta 3.5. Ikizunguka mara 1500 kwa dakika, mkanda hauna budi kuivuta kwa kani ya nyutoni 90 hivi, hata kama nishati inayopotea haikuhesabiwa. Ikizunguka mara 6000 kwa dakika, kani inayohitajika ni robo tu ya hiyo, yaani nyutoni 23 hivi. Ndiyo maana mkanda uliolegea huteleza katika sailensi, hasa asubuhi betri inapodai umeme mwingi na taa zikiwa zinawaka.

Je, mkanda waweza kuvuta kwa kani kiasi gani bila kuteleza? Kanuni ya jambo hili ilitolewa na mwanahisabati Leonhard Euler katika karne ya 18. Kwa mkanda bapa unaozunguka nusu ya puli, kizio cha msuguano kikiwa 0.5, upande uliokazwa waweza kuvuta mara 4.8 ya upande uliolegea. Kama upande uliolegea una nyutoni 50, uliokazwa waweza kufikia 240. Tofauti yake ni 190, nayo yatosha kabisa kwa kani ya 90. Lakini mkanda ukilegea hata upande huo ukabaki na nyutoni 20, tofauti hushuka hadi 76, na mkanda huteleza. Vilevile mkanda ukilowa, kizio cha msuguano kikashuka hadi 0.2, tofauti hushuka hadi 44 ijapokuwa mkanda haukulegea. Mikanda yenye umbo la kabari au yenye mifuo hushika vizuri zaidi kuliko mkanda bapa, lakini kanuni ni ile ile.

Sababu ya pili ni kwamba injini haizunguki kwa ulaini. Injini ya silinda nne yenye mapigo manne huwaka mara mbili katika kila mzunguko wa krenki. Kwa mizunguko 750 kwa dakika, milipuko ni 25 kwa sekunde. Kila mlipuko huiharakisha krenki, na baada yake krenki hupunguza mwendo. Gurudumu zito la injini husawazisha mabadiliko hayo kwa nishati iliyomo ndani yake, lakini nishati hiyo hufuata kipeo cha pili cha kasi. Kwa mizunguko 3000 gurudumu huwa na nishati mara 16 ya ile ya mizunguko 750. Kwa hiyo ni katika sailensi ndipo mkanda hupata mishtuko mikubwa zaidi.

Kuhesabu mlio

Sikio lenyewe ni chombo cha kupimia. Pamoja na kujua kwamba mlio ni mwembamba au mnene, mchunguzi yampasa asikilize unarudia mara ngapi. Tuseme puli ya krenki ina kipenyo cha sentimeta 14, basi mzingo wake ni sentimeta 44. Kwa mizunguko 750 kwa dakika, yaani 12.5 kwa sekunde, mkanda hukimbia sentimeta 550 kwa sekunde. Mkanda wenye urefu wa sentimeta 110 utakamilisha mizunguko 5 kwa sekunde. Puli ya pampu ya maji yenye kipenyo cha sentimeta 10.5 itazunguka karibu mara 17, na ya alteneta yenye kipenyo cha sentimeta 7 itazunguka mara 25.

Basi mlio unaoweza kuhesabiwa, kama mara 50 katika sekunde 10, waelekea kutoka kwenye mkanda wenyewe: pengine una ufa, au umemeguka mahali pamoja. Mlio unaorudia upesi mno usiweze kuhesabiwa waelekea kutoka kwenye puli au beringi. Mapigo yakizidi 20 hivi kwa sekunde, sikio huanza kuyaunganisha yakawa mvumo mmoja.

Kubadili jambo moja kwa wakati mmoja

Baada ya kusikiliza, mchunguzi hujaribu. Kanuni ya majaribio ya maabara ndiyo kanuni ya gereji: badili jambo moja tu, mengine yabaki kama yalivyo, kisha tazama matokeo. Fundi anayebadilisha mkanda, beringi na alteneta kwa pamoja huenda akaondoa mlio, lakini hatajua kilichoulia, na mwenye gari atakuwa amelipia vipuri vitatu badala ya kimoja.

Jaribio la kwanza ni taa. Gari likiwa sailensi, taa kubwa ziwashwe. Mlio ukiongezeka, mkanda unashindwa kuizungusha alteneta, au alteneta yenyewe ina kasoro.

Jaribio la pili ni klachi, kwa magari yenye gia za kawaida. Gia ikiwa huru, klachi ikanyagwe hadi mwisho. Mlio ukikoma, beringi ya mwanzo ya gia boksi yashukiwa. Ukianza wakati wa kukanyaga, beringi ya klachi ndiyo ya kuchunguzwa. Katika hali hizo mkanda hauna hatia.

Jaribio la tatu ni maji. Maji safi kidogo yanyunyizwe juu ya mkanda, mnyunyizaji akiwa mbali na feni. Mlio ukizidi, mkanda umelegea, kwa maana maji yamepunguza msuguano uliokuwa haba tangu mwanzo. Mlio ukikoma kisha ukarudi mkanda unapokauka, yumkini puli haziko katika mstari mmoja, na mkanda unajisugua kwa ubavu.

Jaribio la nne hufanywa injini ikiwa imezimwa na kupoa. Puli ya pampu ya maji ishikwe kwa mikono miwili na kutikiswa. Ikicheza, au ikiwa pana alama za maji yaliyodondoka chini ya pampu, gari hilo lisianze safari ndefu.

Jaribio la tano ni kufungua mkanda na kuwasha injini kwa nusu dakika, si zaidi, kwa sababu katika magari mengi pampu ya maji husimama mkanda ukifunguliwa. Mlio ukitoweka, chanzo ni mkanda au mojawapo ya vitu uviendeshavyo, na kila puli izungushwe kwa mkono ili ipatikane iliyo nzito au yenye mkwaruzo. Mlio ukibaki, chanzo kitafutwe kwingine.

Katika injini ya petroli, mahali pamoja pa kutazamwa ni manifoldi ya kuingizia hewa. Injini ikiwa sailensi, mlango wa hewa huwa karibu umefungwa, na kanieneo ndani ya manifoldi huwa ndogo kuliko ya nje. Palipo na mpira uliopasuka au gasketi iliyoharibika, hewa hufyonzwa kwa kishindo na kupiga mluzi. Mafuta yakikanyagwa mluzi hufifia. Mipira hiyo ibanwe mmoja mmoja kwa vidole ili kuona ni upi unaoukomesha. Kunyunyizia petroli mahali hapo, kama wafanyavyo baadhi ya watu, ni kualika moto.

Fimbo ya kusikilizia

Mwaka 1816 daktari Mfaransa René Laennec aliviringisha karatasi na kuiweka kifuani mwa mgonjwa ili asikie moyo wake, na baadaye akatengeneza mrija wa mti. Fundi naye ana chombo cha jinsi hiyo: bisibisi ndefu au fimbo kavu. Ncha moja huwekwa kwenye mwili wa alteneta au wa pampu, mahali pasipozunguka, na ncha ya pili kwenye mfupa ulio karibu na sikio. Mtetemo utokao kwenye chuma kuingia hewani hurudishwa karibu wote mpakani, lakini ukipita katika kitu kigumu hufika kwenye mfupa bila kupotea sana. Beringi nzima huvuma kwa ulaini, na mbovu hukwaruza kama mchanga.

Kazi hiyo haifanywi na mtu aliyevaa tai, kanga iliyolegea au mikono mirefu, wala mwenye nywele zinazoning'inia. Breki ya mkono iwe imevutwa, gari liwe nje na si ndani ya banda, maana moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu, na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto.

Funzo

Shule isiyo na maabara kubwa yaweza kufanya uchunguzi huu kwa gari lolote lililo karibu, akiwapo fundi na mwalimu. Wanafunzi wapime vipenyo vya puli na urefu wa mkanda injini ikiwa imezimwa, wakokotoe mizunguko ya kila kitu katika sailensi, waandike wanachotarajia kusikia, kisha injini iwashwe wasikilize wakiwa mbali. Matokeo yakipingana na matarajio, hapo ndipo uchunguzi umeanza hasa.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mlio wa asubuhi katika stendi ya Mpanda ni ufa wa namna hiyo. Kuukaza mkanda uliolegea ni kazi ya dakika chache na spana moja. Kuinyoosha silinda hedi iliyopinda kwa joto ni kazi ya siku nyingi na fedha nyingi, hata kama abiria wote watakuwa wamefika salama.