Bunia: michezo ya darasani inayofungua kinywa kwa Kingereza

Katika mtaa wa Lumumba, mwanafunzi wa sekondari anasoma kwa Kifaransa, barabarani anasema Swahili. Kingereza anakutana nacho saa ya somo, na hapo kinywa kinafungwa: anaogopa wenzake watamcheka. Lakini Uganda iko karibu, ngambo ya ziwa Albert, na tangu 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kuna mchezo usioomba hata franka moja. Mwanafunzi anakaa mbele, ubao uko mgongoni mwake. Mwalimu anaandika neno, tuseme "market". Wenzake wanamuelezea kwa Kingereza bila kulitaja: "We buy fish there." Akilipata, kikundi chake kinapata pointi. Kila mtu anakimbizana na wakati, hakuna anayehesabu makosa.

Kukimbilia ubao hakufai darasa likijaa. Tena miguu ndiyo inafanya kazi, si ulimi. Afazali kunongonezana sentensi toka dawati la nyuma mpaka la mbele, wa mwisho aiandike. Ikifika imeharibika, ndipo somo linaanza: sauti gani ilipotea njiani? Pengine ni ile "s" ya mwisho, ambayo Kifaransa kimewazoesha kuiandika bila kuitamka.