Fizi Zinazotoka Damu Si Jambo la Kinywani Tu

Mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki hupimwa uzito, presha na sukari, kisha hukumbushwa kukagua miguu yake kila siku. Anafundishwa kutazama katikati ya vidole, kutotembea pekupeku na kutodharau hata mchubuko mdogo. Ni mafunzo mazuri, na yamenusuru miguu ya wengi. Lakini ni mara chache mgonjwa huyo huambiwa afungue kinywa ili fizi zake nazo zitazamwe.

Hilo ni pengo kubwa, na halitokani na kukosa elimu. Mwaka 1993 Harald Löe, mtafiti mashuhuri wa magonjwa ya fizi, aliutaja ugonjwa huo kuwa tatizo la sita linaloletwa na kisukari, akauweka katika orodha moja na kuharibika kwa macho, figo na mishipa ya fahamu. Ni Löe huyohuyo ambaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1965 huko Denmark, aliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku ya 10 na ya 21, fizi za wote zilikuwa zimevimba. Waliporudia kupiga mswaki, zikapona.

Chanzo ni ukoga, ule utando laini wa bakteria unaojijenga juu ya meno kila siku. Usipoondolewa hugeuka ugaga mgumu ambao mswaki hauuwezi tena. Bakteria hujificha kwenye mpaka wa jino na ufizi, nao mwili hupambana nao: fizi huvimba, hubadilika rangi na kutoka damu. Kwa baadhi ya watu ugonjwa haukomei hapo. Ufizi huachana na jino, mfupa unaolishikilia huliwa kidogo kidogo, na baada ya miaka jino huanza kucheza. Mara nyingi hakuna maumivu, na ndiyo maana watu huchelewa. Tumezoea kumwendea daktari wa meno pale tu jino linapotunyima usingizi, tena kwa nia ya kuling'oa.

Watafiti wamekadiria kwamba mtu mwenye ugonjwa huo anaweza kuwa na eneo la sentimita za mraba 8 hadi 20 lililovimba ndani ya fizi zake. Kidonda cha ukubwa huo kingekuwa mguuni, mgonjwa wa kisukari angepelekwa hospitali siku hiyohiyo. Kikiwa kinywani anasukutua maji ya chumvi, anaendelea na shughuli zake.

Madhara kati ya kisukari na ugonjwa wa fizi huenda pande zote mbili. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu, uwezo wa mwili kupambana na bakteria hupungua na fizi huharibika upesi. Fizi zilizovimba nazo humwaga kwenye damu kemikali zinazoifanya insulini ishindwe kufanya kazi yake sawasawa, na sukari inazidi kuwa ngumu kudhibiti. Majaribio mengi yaliyojumlishwa pamoja yameonyesha kwamba mgonjwa wa kisukari akitibiwa fizi, kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, hushuka kwa takriban pointi 0.4. Matibabu hayo hayachukui nafasi ya vidonge wala sindano, lakini kwa mtu anayehangaika na sukari isiyoshuka, kiasi hicho si cha kupuuzwa.

Kuhusu moyo, tusiseme kupita ushahidi. Wenye ugonjwa wa fizi hupata zaidi maradhi ya mishipa ya moyo, lakini Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza mwaka 2012 kwamba haijathibitika kuwa fizi ndizo zinazoyasababisha. Wengi wa wagonjwa hao pia huvuta sigara au wana kisukari. Lisilo na shaka ni hatari kwa mtu ambaye milango ya moyo wake imeharibika, kama inavyotokea kwa vijana wetu waliougua homa ya baridi yabisi utotoni. Bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu wanaweza kujishikiza kwenye milango hiyo na kuleta maambukizi yanayoua. Ndiyo maana kinywa hukaguliwa kabla ya upasuaji wa kubadilisha milango ya moyo.

Halafu kuna wazee. Wengi wetu tunamuuguza nyumbani mzazi aliyepooza kwa kiharusi. Tunamwogesha, tunambadilisha nguo, tunamlisha uji kwa kijiko, ila kinywa tunakisahau. Mtu asiyemeza vizuri huvuta mate kwenye mapafu, na mate hayo hubeba bakteria. Katika nyumba za kutunzia wazee nchini Japani, watafiti waliwafuatilia wazee kwa miaka miwili. Kati ya wale ambao vinywa vyao havikushughulikiwa kwa namna ya pekee, asilimia 19 waliugua nimonia. Kati ya waliosafishwa kinywa kila baada ya mlo, ni asilimia 11. Mswaki laini, mgonjwa akiwa ameketishwa wima, pamoja na kumtolea na kumsafishia meno bandia: hayo yanawezekana hata katika nyumba isiyo na fedha.

Inaniuma pia kwamba kuna mahali ambapo uhusiano wa kinywa na mwili unatambuliwa kwa njia inayoua. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, wapo watakaosema ana meno ya plastiki. Ufizi wake huchimbwa kwa kifaa kisicho safi na vichipukizi vya meno yake hutolewa. Mtoto hupoteza damu, anaweza kupata pepopunda au sumu kwenye damu, na ugonjwa uliomwangusha unabaki bila dawa. Meno ya plastiki hayapo. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari ya hospitali, na apelekwe kituo cha afya haraka.

Nawaomba wanaosimamia kliniki za kisukari waongeze fizi kwenye orodha ya ukaguzi, palepale ilipo miguu. Nawe mwenye kisukari, siku ya kliniki ijayo usingoje kuulizwa. Mweleze daktari kama fizi zako hutoka damu au jino linacheza, na umwombe barua ya kwenda idara ya kinywa na meno.