Viti vya Enzi ya Anga

Katika miaka ya sitini, mataifa makubwa yaliposhindana kwenda angani, mafundi wa samani wa Ulaya nao hawakutaka kubaki chini. Yuri Gagarin aliizunguka dunia mwaka 1961, na muda si muda vikazuka viti visivyo na miguu minne wala ubao. Viti hivyo, ambavyo baadaye vilionekana vimepitwa na wakati, leo vinagombewa minadani kwa fedha nyingi. Tumeona inafaa tuvieleze, maana habari yake yatugusa sote tunaonunua na kuagiza vitu.

Mfini Eero Aarnio alibuni mwaka 1963 kiti cha faibaglasi mithili ya mpira uliokatwa upande mmoja, kikaonyeshwa Cologne, Ujerumani Magharibi, mwaka 1966. Mtu huingia ndani kama kaa tunduni, na kelele za nyumba zikampungukia. Aarnio mwenyewe alitia simu ndani ya kiti chake.

Lakini kinachotuvutia zaidi ni kiti cha Mfaransa Olivier Mourgue cha mwaka 1965, alichokiita Djinn; yaani jini yule yule tuliyesomeshwa chuoni, kiumbe wa moto awezaye kubadili umbo. Jina limesibu. Kiti hicho hakina pembe, kimejiinamia karibu na sakafu, na ndani yake ni mabomba ya chuma yaliyovikwa sponji, kisha kitambaa cha nailoni kinachovutika. Stanley Kubrick aliviweka viti hivyo, vyekundu, katika senema yake ya mwaka 1968 juu ya safari za angani, na watazamaji wakadhani ndivyo watakavyokaa mwaka 2001. Mwaka huo ulifika ukapita. Sisi tulikuwa tungali barazani, wala hatukupungukiwa na kitu.

Ahadi ya viti vya namna hii ilikuwa kwamba plastiki italeta samani rahisi kwa watu wote. Lakini plastiki ni mtoto wa mafuta. Mataifa ya Kiarabu yalipozuia mafuta wakati wa vita vya Oktoba 1973, pipa lililokuwa likiuzwa kiasi cha dola 3 lilikaribia dola 12 mapema mwaka 1974. Hesabu za wenye viwanda zikavurugika, na mitindo nayo ikageuka. Basi kilichoahidiwa wengi kimekuwa pambo la wachache, na uchache wake ndio unaopandisha bei.

Hata hao wachache hawana raha. Sponji ya poliurethani huzeeka, ikawa ngumu, kisha ikamomonyoka ndani ya kitambaa. Fundi akiibadilisha, kiti kitakalika, ila mnunuzi atauliza ni kipi kilichobaki cha asili. Isipobadilishwa, kiti huwa cha kutazamwa tu, na unga wake unazidi kudondoka sakafuni.