Unaahirisha kazi kila siku? Wachina wa kale walisema moyo ufunge kwanza

Mwanafunzi wa Bukavu au Goma anayedaiwa TFC anaijua hali hii. Meza iko tayari, umeme upo (jambo lenyewe si la kila siku), lakini anafua nguo, anajibu WhatsApp, kisha anasema ataanza kesho. Nyumbani wanamwita mvivu. Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliona jambo lingine mwaka 2013: anayeahirisha anakimbia woga na kero zinazoletwa na kazi ile.

Kama ni hivyo, kumkaripia kunaongeza mzigo tu. Ndiyo maana kitabu cha kale cha Watao, Zhuangzi, bado kina la kutuambia. Humo Yan Hui anataka kwenda kumrekebisha mtawala mkali. Kichwa kimejaa mipango, na mwalimu wake Confucius anaikataa yote. Anamwambia afunge. Yan Hui anajibu kwamba kwao ni maskini, miezi kadhaa hajaonja pombe. Je, huko si kufunga? Hapana, huo ni mfungo wa sadaka. Unaotakiwa ni mfungo wa moyo: kuuacha uwe mtupu, usikilize bila kutangulia kuhukumu. Kichina hutumia neno moja, xin, kwa moyo na akili, na sisi pia husema moyo unawaza.

Kuketi kimya dakika chache kunasaidia, ila deni la shule na simu ya mjomba havitoki kichwani kwa amri. Viandike kwenye karatasi, kila kimoja na siku yake. Masicampo na Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilokwisha huacha kusumbua akili likishapangiwa namna ya kulifanya, hata kabla halijafanywa.

Halafu kazi yenyewe. Kitabu hicho kina mpishi Ding, anayepasua ng'ombe kwa kisu kimoja miaka 19 na makali yake bado ni kama mapya, kwa kuwa hakati mfupa: anapitisha kisu kwenye nafasi kati ya viungo. Akifika penye ugumu hupunguza mwendo, hutazama, husogeza kisu kidogo sana. Kwa TFC, nafasi hiyo inaweza kuwa ukurasa mmoja kuhusu mtaa unapofanyia utafiti, hata kama utangulizi bado haujaandikwa.