Je, Wajua? Kituruki humtia alama mwenye mali, na mali yake pia

Kwa Kituruki, mlango wa nyumba ni "evin kapısı". Nyumba, yaani "ev", huongezwa -in: ndiyo mmiliki. Mlango, "kapı", nao huongezwa -sı: ndio unaomilikiwa.

• Kiambishi cha mmiliki hufuata irabu ya neno lake: "kızın" (wa msichana), "okulun" (wa shule), "gülün" (wa waridi).

• Katika Kituruki cha kale cha maandishi ya mawe ya Orkhon, Mongolia, ya karne ya 8, kiambishi hiki kiliishia na sauti ng'. Kikazaki, lugha ndugu ya Kituruki, kinaitunza hadi leo. Kituruki kimebaki na n.

• Kati ya lugha ndugu nyingine, Kikirigizi kina maumbo 12 ya kiambishi hicho. Kiuzbeki sanifu kina moja tu: -ning.

• Kisakha cha Siberia, ndugu mwingine, hakina kiambishi hicho kabisa! Alama iliyo kwenye mali yatosha.