Mtoto Mzito au Lugha Ngeni?

Kazi ya mwanasaikolojia wa shule ni kutafuta kinachomzuia mtoto kujifunza. Alfred Binet na Théodore Simon walipotunga jaribio lao mjini Paris mwaka 1905, walikusudia kuwatambua watoto wanaohitaji msaada. Hapa Uganda lugha huvuruga majibu. Tangu mtaala wa mwaka 2007, shule nyingi za vijijini hufundisha kwa lugha ya mahali hadi darasa la tatu, kisha Kiingereza huchukua nafasi. Mtoto wa darasa la nne akishindwa kusimulia hadithi aliyosomewa kwa Kiingereza, asomewe nyingine kwa lugha ya nyumbani. Akiisimulia vizuri, afundishwe Kiingereza. Kumlazimisha arudie darasa ni kumwadhibu bure. Akishindwa tena, ndipo apimwe zaidi, kwanza masikio na macho.