Moyo wa Mtoto Ukiwa Upande wa Kulia

Ndugu mzazi, umempeleka mtoto zahanati kwa ajili ya kikohozi. Mganga anasikiliza kifua upande wa kushoto, mapigo ya moyo yanasikika kwa mbali. Anasikiliza kulia, yanasikika vizuri. Usishtuke. Wako watoto wanaozaliwa hivyo.

Hali hii ni nini?
Kwa kawaida moyo huelekea kushoto, ini hukaa kulia, na bandama kushoto. Kwa mtu mmoja hivi katika kila 10,000, viungo vyote hivyo vimebadilishana pande, kama unavyojiona kwenye kioo. Hutokea katika majuma ya kwanza ya mimba. Si laana, si uchawi, wala si kosa la mama. Wengi wao huishi maisha ya kawaida.

Inathibitishwaje?
Picha ya eksirei huonyesha moyo uko upande gani. Lakini picha ikigeuzwa hudanganya, kwa hiyo lazima iwe na alama ya kulia au kushoto. Ultrasaundi ya tumbo huonyesha ini na bandama viko wapi. Ultrasaundi ya moyo huonyesha kama moyo wenyewe una kasoro, kwa mfano tundu. Ikiwa moyo peke yake ndio uko kulia na viungo vingine viko mahali pake, kasoro hupatikana mara nyingi zaidi. Kwa hiyo ukipewa rufaa ya hospitali, usiikatae.

Rudi zahanati upesi ukiona:
- midomo au ulimi una rangi ya buluu;
- mtoto anapumua haraka, au anatoka jasho na kuchoka akinyonya;
- haongezeki uzito.

Mafua na kikohozi cha makohozi visivyokwisha tangu kuzaliwa, vitaje pia. Baadhi ya watoto hawa wana shida ya njia za hewa inayohitaji matibabu.

Iandikwe kwenye kadi
Mtoto huyu akiugua kidole tumbo, maumivu yanaweza kuwa kushoto badala ya kulia, na mganga asiyejua atapoteza muda. Omba hali hii iandikwe kwenye kadi ya kliniki. Ukihamia kambi nyingine au ukirudi nyumbani, beba kadi na picha zake. Mtoto akikua, mfundishe aseme mwenyewe: "Moyo wangu uko kulia."